Mikorosho ya Bi Mgeni

Usiku ule sikupata usingizi, nikimsubiri mwanangu Gaudensi. Kesho yake alitakiwa mahakamani Mtwara kwa kesi ya wizi, naye hakurudi nyumbani. Mimi sikuwa na mali, hivyo jirani yangu Bi Mgeni alimwekea dhamana ya mikorosho yake, maana ardhi ni ya umma lakini miti ni ya aliyeipanda. Gaudensi asipofika, mikorosho ingechukuliwa.

Alfajiri nilipiga hodi kwake, nimeinamisha uso kwa aibu.

“Bi Mgeni, nisamehe. Yule mwizi wangu amekimbia.”

“Akimbilie wapi?” alicheka huko ndani. “Mikorosho yangu nailinda mwenyewe, Mama Gaudensi. Nimemlaza hapa, nimfikishe kwa mkono wangu.”

Mlango ukafunguka. Gaudensi alikuwa amesimama pale, shati limepigwa pasi. Alikuwa amenisikia.