Breki za Mafuta ya Nyonyo

Baba yangu hakuwahi kutumia kitu kipya siku kilipoingia nyumbani. Shati la Idi lilikaa sandukuni mpaka Idi ya pili. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, kipande kimoja kikatoka, kilichobaki kikafungiwa kabatini na ufunguo ukarudi mfukoni mwake. Ukimuuliza, jibu lilikuwa moja: akiba haiozi. Walioishi miaka ile ya foleni watamwelewa. Mimi nilikulia humo humo, lakini jambo hilo lilinikera tangu utotoni, na hasira zangu ziko karibu, silifichi hilo.

Alikuwa fundi magari, Nyakato, Musoma. Miaka ambayo madukani hapakuwa na mafuta ya breki hata ya kuonja, yeye aliyatengeneza. Mama alikaanga mbegu za mbarika, akazitwanga, akazichemsha, kisha akaengua mafuta ya nyonyo yaliyoelea. Baba akayachanganya na spiriti kwa kipimo alichokijua peke yake, akachuja kwa kitambaa cheupe, akajaza chupa. Mafundi wengine walitia maji ya sabuni, na baada ya miezi michache kutu ikala vyuma. Magari ya baba yalisimama. Lori la pamba lilisimama, gari la padri lilisimama, na maharusi wengi wa mji ule walifika salama kwa dawa ya wazazi wangu. Nilijivunia hilo. Ni haki niliseme kabla sijaanza kulaumu.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Mwisenge yakajaa, vipuri vikavuka mpaka kutoka Kenya mchana kweupe, na wafanyabiashara vijana wa Bunda wakaanza kununua magari. Kabla ya hapo, Jumapili alasiri gari la mtu binafsi halikuruhusiwa hata kutembea. Sasa Jumapili hiyohiyo watu wakatafuta mahali pa kushindana. Walipata kiwanja cha changarawe nje ya Bunda, ambacho zamani kilichongwa kwa ajili ya ndege za kunyunyizia pamba dawa. Wakaweka pipa kila mwisho. Unaondoka pipa la kwanza, unazunguka la pili, unarudi. Mara tatu hivyo, saa ya mkononi ya mwenye duka mmoja ikihesabu. Mwisho unatakiwa usimame kabla ya mstari wa chokaa uliochorwa nyuma ya pipa la kwanza.

Hapakuwa na mkaguzi. Mara ya kwanza kabisa pikapu moja ilipita mstari na kuingia kwenye zizi la watu, na ng'ombe wakatawanyika mpaka jioni. Tangu siku hiyo wakatunga kanuni yao: fundi aliyetengeneza breki za gari asimame hatua kumi nyuma ya mstari, na kitambaa chekundu mkononi, mpaka gari lake limalize. Kama huamini kazi yako, usilete gari. Watu waliipenda sana kanuni hiyo. Walikuja kutazama mafundi kuliko magari.

Gari langu nililipata Kiriba. Lilikuwa kigari cha viti viwili, cha chini, kisicho na paa, alichokiacha mtaalamu wa pamba wa kizungu, na mzee aliyebaki nacho alikuwa akifugia kuku. Nilimtengenezea mashine yake ya kusaga, naye akanipa gari pamoja na mayai yaliyokuwa chini ya usukani. Nguvu lilikuwa nayo kidogo sana. Mlima wa kawaida likiwa na watu wawili, ilibidi mmoja ashuke asukume. Lakini lilikuwa jepesi, na lilikata kona kama mbuzi.

Miezi minne nililiandaa. Nilitoa bampa, kiti cha abiria, gurudumu la akiba na kilo nyingi za mavi ya kuku. Kabureta nililifungua mpaka nikalijua kwa kugusa tu. Nilikunja bomba la maji, nikalichomelea nyuma ya kichwa changu ili gari likipinduka lisinilalie, na mkanda nikaukata kwenye turubai la trekta. Breki zilikuwa za baba. Hatukuwahi kupatana hivyo kwa maneno; gereji ilikuwa yake na breki zilikuwa zake, basi. Na breki ndizo zilikuwa kila kitu, kwa sababu gari lisilo na nguvu lina njia moja tu ya kushinda: wenzake wanapofunga breki, lenyewe liendelee kidogo.

Wiki tatu kabla ya siku yangu ya kushindana nililijaribu kwenye mteremko wa kutoka Butiama. Nilishuka kwa kasi, nikifunga na kuachia, kufunga na kuachia. Kona ya mwisho pedeli ikawa laini. Ikazama chini ya mguu wangu kama nakanyaga ugali wa moto. Nilisimama kwenye majani ya pembeni. Nikakaa pale nusu saa, na magurudumu yalipopoa pedeli ikarudi juu, ngumu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo nikaelewa. Spiriti inachemka. Kwa gari la padri haiwezi kuchemka, kwa sababu padri hana haraka. Kwangu ingechemka.

Nikaenda mpakani, nikarudi na kopo la mafuta halisi ya breki, jipya, mdomo wake umezibwa kwa bati. Nikampa baba kwa mikono miwili.

"Baba, ya Butiama si nilikwambia. Tujaze haya."

Akaligeuza kopo, akasoma maandishi ambayo hakuyaelewa yote.

"Hii dawa yangu imesimamishaga malori," akasema. "Itashindwa na hiki kibanda cha kuku?"

"Inachemka, baba."

"Nimesikia."

Nikamlalamikia mama. Alikuwa akipepeta mbarika zake, wala hakuinua kichwa. "Unaniambia mimi kwani mimi ndiye fundi? Mwambie mwenyewe. Mficha uchi hazai." Lakini nilikuwa nimeshamwambia, na kumwambia mara ya pili kungekuwa kumkagua. Kwetu mtu hafungui kazi ya baba yake kuangalia kama ameifanya. Ijumaa baada ya swala baba akanawa mikono kwa petroli, akasema, "Breki nimemaliza." Nikasema asante, baba.

Jumapili tulifika Bunda asubuhi, watu wameshajaa. Baba alivaa lile shati la Idi, na hapo ningepaswa kuona kitu, kwa maana hakuwahi kulivaa penye grisi. Akaenda kuwasalimu wazee wenzake. Mimi nikafungua sanduku lake la spana nikitafuta bisibisi, na chini kabisa nikaona furushi la kipande cha kanga kuukuu. Nikalifungua. Lilikuwa kopo langu. Bati la mdomoni lilikuwa zima.

Ameliweka akiba.

Nataka niseme ukweli hapa, maana kwa miaka mingi niliusema nusu. Muda ulikuwepo. Saa moja nzima. Ningeweza kumwita pembeni, tukajaza, tukatoa upepo kwenye mabomba ya breki, tukamaliza. Watu wakiniuliza nasema niliogopa kumvunjia heshima mbele za watu, na ni kweli niliogopa. Lakini chini ya ile adabu palikuwa na kitu kingine. Nilitaka dawa yake imwaibishe. Nilitaka pedeli izame kidogo, nipite mstari hatua mbili tatu, watu wacheke, naye hatimaye akubali kwamba miaka ya chupa imekwisha. Zile hatua kumi nilizihesabu kichwani nikaziona nyingi. Nikalifunga kopo katika kanga yake, nikalirudisha chini ya spana.

Tuliitwa. Baba akaenda nyuma ya mstari, akasimama, mgongo wake ukielekea kichuguu kikubwa, kitambaa chekundu mkononi. Mtu mmoja akamtania, "Mzee, leo umeoga kabisa, unakwenda wapi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Pikapu na magari makubwa yaliyonitangulia yalifunga breki mbali na pipa. Mimi nikachelewa, nikachelewa tena, kisha nikakanyaga, nalo likasimama kwa pua, likageuka. Nilisikia watu wakipiga yowe. Niliporudi upande wa baba pedeli ilikuwa bado juu.

Mzunguko wa pili, kwenye pipa la mbali, ikashuka nusu. Niliijua ile hali ya Butiama. Nikapiga pedeli mara mbili za haraka, ikainuka. Nikarudi kuelekea kwa baba, nikapiga mara tatu, ikainuka kwa shida, nikazunguka pipa vumbi likinijaa mdomoni. Pale ningeweza kuacha. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona vifungo vya shati. Alikuwa ananitazama mguu, si usoni, fundi yeyote angetazama hapo. Nikaongeza moto.

Kurudi mara ya mwisho nilianza kufunga mapema, mapema kuliko wote. Pedeli ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bati la sakafu. Nikapiga. Hakuna. Nikapiga tena na tena, mguu unapiga sakafu tu, na mstari mweupe ukawa unakuja, na nyuma ya mstari baba yangu, na nyuma ya baba kile kichuguu. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Wengine waliniambia niliita mama. Nikarudisha gia ya pili kwa nguvu, gari likalia, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, mkia ukatoka. Nikakata usukani kushoto. Baba hakusogea. Nilikuwa nikimwomba asogee, kisha ghafla nikamwomba asisogee, kwa kuwa upande aliobakiwa nao kukimbilia ulikuwa ule niliokwenda mimi. Kioo cha pembeni kikanyakua kitambaa mkononi mwake. Kisha pua ya gari ikaingia kwenye kichuguu, na udongo ukanimwagikia kichwani.

Nilitoka garini. Nilikwenda kwake, nikamshika mikono, nikaigeuza, nikitafuta damu. Kidole cha shahada kilikuwa kimechubuka. Ni hicho tu. Watu walikuwa wakimsifu: mzee jasiri, mzee hakutetereka. Akawaacha waseme. Walipotawanyika akaniambia kwa sauti ndogo, "Nilitaka kukimbia. Miguu ilikataa."

Tulilivuta gari kivulini, tukangoja magurudumu yapoe. Baba akavua shati la Idi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akafungua sanduku, akatoa furushi, akaifungua ile kanga polepole. Akatoboa bati la kopo kwa bisibisi. Harufu kali ya kigeni ikatoka, akayamimina mafuta kwenye tangi dogo la breki. Akalala chini ya gari kando ya gurudumu akiwa na spana, akaniambia nikae kwenye pedeli, na dawa yake ikaanza kutiririka ardhini, ya njano, ikinuka jiko la mama.

"Kanyaga," akasema. Nikakanyaga. "Shikilia." Nikashikilia. "Achia."

Tulifanya hivyo gurudumu la kwanza na la pili. Katika la tatu spana ikasimama. Nilimwona miguu tu.

"Kopo uliliona," akasema.

Ningeweza kukataa. "Nililiona, baba."

"Asubuhi."

"Ndiyo."

"Nilijua. Kabla sijaenda mstarini nilifungua sanduku, na fundo la kanga halikuwa langu." Spana ikagonga chuma. "Nilivyosimama pale nilikuwaga nasubiri uniite. Nikasema akiniita tu, namwambia kopo sijaligusa. Ukawasha gari."

Leo yeye hayupo tena wa kujibiwa. Alikuwa amesimama pale akijua kilicho ndani ya breki, na akijua kwamba mimi pia najua, na bado aliuelekeza uso wake kwangu. Nilikuwa nikilia, na machozi yalikuwa yakichora njia katika vumbi la usoni, na nilishukuru kwamba yuko chini ya gari hanioni.

"Baba, nisamehe."

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Pedeli ilisimama juu, ngumu, na sikuthubutu kuiachia mpaka aliponiambia.