Kanda ya Harusi ya Shangazi

Juzi nilimwona binti yangu akihangaika na video iliyokataa kucheza kwenye simu, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Makongeni. Mama alikuwa amezikwa majuma machache tu. Baba aliazima deki ya video kwa jirani ili tutazame kanda ya harusi ya shangazi, kwa kuwa hatukuwa na video nyingine yenye Mama. Picha ilijaa mistari myeupe.

"Baba, Mama ananyeshewa," nikasema. Sasa najua lilikuwa vumbi tu.

Baba alifungua deki, akasafisha kile kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti, harufu kali ikajaa chumbani. Mistari ikatoweka. Mama akatokea amebeba sinia ya chapati, akicheza na kucheka. Mara deki ikakwaruza, ikaitafuna kanda. Baba akaichomoa imekunjamana, akakata palipoharibika, akaiunga kwa selotepu.

Tulipoiwasha tena, Mama alifungua mdomo kucheka, kisha tukaona wageni wakila.

"Ameenda wapi?" nikauliza, nikidhani Baba angeweza kumtafuta mle ndani.

Baba akazima televisheni, akanipakata. "Hayupo, mwanangu."

Ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi.