Dakika Ishirini Baada ya Saa Kumi

Mama mmoja mfuga samaki wa Kisian alichelewa kwa dakika ishirini, na kwa mujibu wa mkataba nilioupiga chapa mwenyewe, dakika hizo zilitosha kumnyang'anya nusu ya alichowekeza kwetu kwa miaka mitatu.

Mimi ni karani wa mfuko mdogo wa uwekezaji mjini Kisumu. Wasimamizi walikuwa wawili, mwanasheria na mhandisi aliyestaafu kiwanda cha sukari. Walitafuta kampuni changa, wakanunua hisa zao, wakangoja zikue waziuze. Pesa zao wenyewe humo zilikuwa kidogo tu. Nyingi zilitoka kwa wawekezaji kumi na mmoja: Singasinga mmoja muuza vyuma, madaktari, wenye maduka, na huyo mama. Kila mwaka wasimamizi walikata shilingi mbili katika kila mia za kuendeshea ofisi. Kampuni ikiuzwa, wawekezaji wangerudishiwa mtaji wao kwanza. Faida ingegawanywa mafungu kumi, manane yao, mawili ya wasimamizi.

Hakuna aliyeleta pesa zote siku ya kwanza. Kila mtu alitaja kiasi, akatia sahihi, akangoja kuitwa. Mama alitaja chake kwenye mkutano wa kwanza, akiwa amesimama, na ukumbi ukapiga makofi kama kwenye harambee ya kanisa. Sote tunajua ahadi ya harambee hulipwa lini: mtu akipata. Nadhani aliondoka pale akiamini hivyo, na sikumsahihisha.

Mara mbili alipoitwa, alikuwa nazo. Mara ya tatu tulikuwa tunanunua hisa za kampuni ya barafu, na barua yangu ilimpa siku kumi, mwisho Ijumaa saa kumi alasiri. Samaki wake hawakuwa wametimiza uzito. Akawavua hivyo hivyo, na mnunuzi akamwambia wakutane Mamboleo, upande wa pili wa mji, akachukue malipo.

Saa kumi kamili mwanasheria alifunga faili. Mhandisi alikuwa dirishani, anatazama barabara.

Mama aliingia na hundi mkononi, viatu vimejaa matope.

"Nyathina, mwanangu, pikipiki ya kwanza iliniangusha," aliniambia mimi, kisha akamgeukia mwanasheria. "Pesa ndiyo hii."

"Saa imepita, Mama. Hii si harambee."

"Wewe harusi yako ulichelewa masaa matatu! Bibi si alingoja?"

Mhandisi aliangua kicheko. Mwanasheria hakucheka.

"Harusi haikuwa na mkataba."

"Haikuwa? Hebu nenda umwambie yeye hivyo."

Nilifungua kifungu cha wanaochelewa. Nusu ya mtaji wa aliyechelewa hugawiwa wawekezaji wenzake, kila mtu kwa kadiri ya hisa zake. Wasimamizi nao walikuwa na hisa, kwa hiyo wangepata fungu. Niliwasomea sehemu hiyo kwa sauti, polepole.

Kumsamehe kulihitaji sahihi za wasimamizi wote wawili. Mhandisi alitia yake hapo hapo, kwa kalamu yangu. Mwanasheria alichukua ile hundi, akaipokea kama malipo halali, akasema suala la msamaha atalifikiria.

Sasa kampuni ya barafu imepata mnunuzi, na nimeagizwa niandae orodha ya mgao. Nimeandika majina yote kumi na moja. Mbele ya jina la mama sijaweka kiasi chochote, kwa sababu sahihi ya pili haijatiwa.