Kidiski Kilichobaki Kwenye Gari

Mie si mtu wa kutoka. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania makubwa. Nimeishi Temeke tangu niolewe, na Temeke ninayoijua vizuri inaanzia mlango wa uani na kuishia dirishani, pale ninapouzia barafu za ubuyu. Watoto wananipa hela kupitia nondo za dirisha, mie nawapa barafu, kila mtu anaendelea na maisha yake. Nina elimu ya kidato cha nne, na mume wangu alikuwaga akisema haamini kama niliifuata shuleni. Lazima mtihani waliniletea nyumbani.

Aliniita mwali. Mwanamke nimeshaanza kuota mvi, lakini kila akiamka anauliza mwali kalalaje, kana kwamba nimewekwa ndani nasubiri kuchezwa ngoma. Yeye alinizidi umri kwa miaka mingi, na dai lake la kila asubuhi lilikuwa nimwamkie. Wapo wanawake wa pwani wanaowaamkia waume zao shikamoo, na mama yake alikuwa mmoja wao. Mie nikakataa. Nikamwambia shikamoo yake ipo, nitampa akishazeeka. Kwa sasa bado kijana, ajitahidi. Akasema anaisubiri. Kesho yake anadai tena.

Kazi yake ilikuwa kuendesha magari yaliyotumika yanayoshuka kutoka Japani, kuyafikisha mpakani kwa wenyewe. Magari yale huja na masalia ya wenye nayo wa kwanza. Aliniletea mwavuli, vikopo vya peremende tupu, soksi moja ya mtoto mchanga. Vya maana vinakuwa vimeshapata wenyewe njiani. Siku moja akaja na kipochi alichokikuta chini ya kiti, na hicho kilisalimika kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani. Ndani mlikuwa na kimashine cha chuma, ukubwa wa sabuni ya kuogea iliyotumika wiki moja, kimeandikwa MiniDisc. Mlikuwa na visikizio vya masikioni, waya wenye kimaiki mwishoni, na kidiski kimoja kilichofungiwa kwenye kasha la plastiki la mraba, kinaenea kiganjani.

Gari letu wenyewe nalo lilikuwa la Japani, dogo, kuukuu, na redio yake ilikuwa na tundu la ziada chini ya lile la CD. Miaka yote hatukujua ni la nini. Yeye alikuwa anachomeka humo risiti za mafuta. Jioni ile akazitoa risiti, akaingiza kidiski, redio ikakimeza, na binti wa Kijapani akaanza kuimba. Akaja kunigongea dirishani kama mteja wa barafu, eti kumbe gari letu lina mdomo wa pili.

Alihangaika na vitufe mpaka akajua kurekodi. Maskini yule binti wa Kijapani akafutika siku hiyo hiyo. Vidiski vingine hatukuvipata. Kariakoo kila alikouliza walimcheka, wengine wakamwonyesha flashi. Basi tukabaki na kimoja, na kila alichorekodi kilifuta cha jana.

Alichokuwa anarekodi ni mji. Alisema kwa vile mwali hataki kwenda mjini, mji utamfuata mwali. Akiwa hana safari anazunguka na gari, anasimama mahali, anatoa kimaiki dirishani. Akirudi anakirudia kwanza kidiski kwenye redio ya gari, kukikagua, halafu ndiyo anakihamishia kwenye kimashine na kunivisha visikizio. Mie nafunga barafu kwenye mifuko, yeye ananitazama usoni kama mpishi anayesubiri kusifiwa.

Cha kwanza alileta soko la Tandale. Wapagazi wanapiga kelele wapishwe, magunia yanatuliwa chini, mtu anagombania chenji. Na juu ya yote hayo, yeye. Anaeleza. Hapa nimefika kwenye vitunguu, huyu anayepayuka ana kofia nyekundu, sasa nageuka, sasa nimekanyaga maji machafu. Mwanzo mpaka mwisho hakupumzika.

Nikavua visikizio nikamwambia, "Baba wee, unaongea kuliko soko lenyewe. Nyamaza, na mie nisikie."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikuwa mtu wa kuchukulia kazi kwa uzito. Wiki ileile akaniletea Keko, mafundi seremala kando ya barabara, randa inakwaruza, nyundo inagonga, msasa unafuata nyuma taratibu, na yeye hayumo hata kidogo. Nikamsifu. Akazidi. Alijifunza kubana pumzi gari likiwa mbali ili lisikike linavyosogea. Alijifunza hata kukata, maana kimashine kile kinakata sauti bila mkasi: unaigawa ilipo, kila kipande kinapata namba yake. Randa akaipa namba moja, nyundo namba mbili. Akanifundisha na mie, huku akinionya kuwa kitufe cha kukata kinapakana na cha kufuta, nikiteleza kidole Keko yote inakwenda. Kwake rekodi nzuri ikawa ile ambayo huwezi kujua kama kuna mtu aliyeishika.

Mie nilikulia jirani na Wazo. Baba alitoka kusini akaja kuajiriwa kiwanda cha saruji, na nyumbani kwetu saa ilikuwa king'ora cha kiwandani. Kikilia, mama anabandika maji ya ugali. Nilimsimulia mume wangu hivyo siku moja, bila kuomba kitu, nilikuwa nachambua mchele tu.

Alasiri ya siku yake ya mwisho alirudi ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Nimekuletea Wazo, mwali. Imo kwenye gari, ngoja nioge kwanza."

Alianguka bafuni. Majirani walimpakia kwenye gari lilelile kumwahisha hospitali. Presha, walisema. Hakuiona magharibi.

Nikawekwa eda. Wanawake waliokuja kunipa pole walinionea huruma kwa kufungiwa ndani miezi yote hiyo, na sikuwa na moyo wa kuwaambia kuwa ratiba yangu haikubadilika sana. Nadhani hakuna mjane aliyewahi kuingia eda akiwa na mazoezi kama mie. Kilichobadilika ni kwamba zamani nikikaa ndani nilikuwa nasubiri kuletewa.

Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo mirathi iligawanywa kwa ndugu zake na mie fungu langu, na gari likauzwa. Habari nilipewa na wifi yangu, dada wa marehemu, aliyehamia kwangu kunitazama. Sikupinga, gari sijui hata kuliwasha. Nilimwomba tu amwambie shemeji, ndugu wa marehemu aliyeliuza, anitafutie kidiski kilichobaki kwenye redio. Shemeji sikuweza kuongea naye uso kwa uso, nipo edani, kwa hiyo maneno yalipita kwa wifi kwenda na kurudi. Shemeji alijitahidi, Mungu amlipe. Akaniletea bahasha ya CD zote alizozikuta garini kabla ya kuliuza: kaswida, mawaidha, bongo fleva zilizokwaruzika. Nikasema si hizo, kipo kwenye tundu la chini. Wifi akanipapasa mgongo, kisha nikamsikia ukumbini anawaambia watu wapunguze sauti, wifi yake apate kulala.

Siku zile nilijua kitu kimoja tu kwa hakika: ndani ya mji huu kuna gari linazunguka na sauti ya mume wangu tumboni, na mie siruhusiwi kuvuka mlango.

Eda ilipoisha, nikaoga, nikavaa nguo za rangi, nikamwambia wifi nakwenda Keko, maana shemeji alishatamka kuwa aliyelinunua gari ni fundi wa makochi wa huko.

Wifi akanitazama. "Keko? Wewe? Unaijua?"

Nikamwambia naijua.

Na kweli niliijua. Bajaji iliponishusha nilisimama kando ya barabara nikafumba macho, na vyote vilikuwepo: randa, nyundo, msasa unafuata nyuma taratibu. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa aliyeshika kimaiki. Nikalia palepale, mbele ya kitanda cha sita kwa sita kilichoegeshwa ukutani. Muuzaji akadhani nimelizwa na bei, akaipunguza. Nilivyozidi kulia akaipunguza tena.

Gari nililikuta nje ya karakana ya yule fundi, limebebeshwa magodoro ya sponji juu. Nikachungulia ndani. Pale ilipokuwa redio palikuwa na skrini pana ya Kichina.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mcheshi. Alisema ile redio ya Kijapani aliing'oa mapema, ilikuwa inashika stesheni mbili tu na zote za mahubiri. Nikamuuliza aliitupa wapi, na nilipokuwa nauliza niliishika meza yake ya kazi kwa mikono miwili. Akasema hakuitupa, ni nzito, inamfaa. Anakandamizia mbao gundi inapokauka. Akainama, akaiibua juu ya rundo la vipande vya mbao, ina michirizi ya gundi na vumbi la msumeno limejaa kwenye vitufe.

Kuiwasha hakujua, na mie ndiyo kabisa. Akaunganisha nyaya kwenye betri ya gari, ikapiga cheche, tukaruka wote wawili. Akabadilisha nyaya. Mara ya pili ikawaka, taa ya buluu, hafifu. Nikabonyeza kitufe. Redio ikaguna, ikafikiri, kisha ikakitoa kidiski taratibu kama mtoto anayetoa ulimi kwa daktari.

"Mama," fundi akasema, "kumbe nakandamizia mbao kwa mali ya mtu." Akauliza kina nini. Nikamjibu kina Wazo. Akaitikia kwa upole sana, kwa namna ambayo wifi yangu angeipenda.

Nyumbani nilichomoa betri kwenye rimoti ya televisheni, nikaitia kwenye kimashine, nikavaa visikizio, nikakaa jikoni.

Malori. Upepo unapiga kimaiki. Lori linarudi nyuma, linapiga kengele yake. Mawe yanamiminwa. Nikasubiri aseme hapa nipo getini, hapa kuna vumbi, nimekanyaga maji machafu. Alinyamaza. Alikuwa amekuwa hodari kweli. Kuna mahali upepo unakatika kidogo halafu unarudi, na nikajua ni yeye amegeuka, amekinga kimaiki kwa mwili wake. Hapo tu ndipo nilipompata, pale upepo usipofika. Malori yakaendelea, na mie nikaendelea kusikiliza ukimya wa mtu niliyemwambia mwenyewe anyamaze.

Halafu zikaja ndala, zinaburuza changarawe, zinasogea. Sauti ya binti, anapita: "Shikamoo."

Kimya. Ninakijua kimya kile. Ni mume wangu, kimaiki mkononi, pumzi imebanwa, anaamua kati ya rekodi na adabu. Shikamoo haiachwi hewani.

"Marahaba."

Kwa chini, karibu na pumzi, anajificha. Ndala zikaenda zake. Baadaye king'ora kikalia, kile alichokifuata mpaka Wazo kwa ajili yangu, kikalia vizuri tu, kirefu. Sikukisikiliza. Nilikuwa nimeshaanza kurudisha nyuma.

Nilikaa siku kadhaa kabla sijathubutu kukata. Kidole kiliogopa kile kitufe cha jirani. Mwishowe nilifanya asubuhi moja, nimebana pumzi kama yeye, nikakata katikati ya binti na yeye. Ya binti na malori ikawa namba moja. Namba mbili inaanza na marahaba.

Nilimwambia nitampa akishazeeka. Hakuzeeka, nampa hivyo hivyo. Kabla sijafungua dirisha la barafu navaa visikizio, natamka shikamoo kwa sauti, wifi asikie asisikie, halafu nabonyeza namba mbili. Anaitikia.