Sabufa ya Luhaga Ilipokata Sauti

Luhaga Mayige anauza dawa za mifugo mjini Bariadi, lakini ukimuuliza habari zake, atakuonyesha gari lake, Noah. Nyuma amefunga sabufa mbili, kila moja pana kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Akipita mtaani, vioo vya maduka vinatetemeka na watoto waliolala wanaamka wakilia. Luhaga anaiita hiyo heshima.

Ijumaa moja, akitoka Maswa, tairi ya mbele ilipata pancha Nyalikungu. Kwa kuogopa kuchafua shati lake jeupe, aliichomoa jeki kwenye buti kwa kuivuta kwa nguvu, akabadilisha tairi, akazigusagusa nati kwa spana, akaondoka. Alipowasha muziki, spika za milangoni zililia. Sabufa, kimya.

"Nimerogwa," alimwambia mkewe, Nyanjige, alipofika nyumbani. "Watu hawapendi maendeleo yangu."

"Baba Violeth, mbona gari linagonga? Nimelisikia toka jikoni. Ko, ko, ko."

"Ndiyo uone! Sabufa ikizima, hata gari linaonekana bovu."

Kesho yake alitakiwa kuongoza msafara wa harusi ya binamu yake, Januarius, kwenda Nkololo. Asubuhi na mapema akawa kwa Novatus, fundi redio za magari karibu na stendi, mtu anayeongea kuliko redio anazofunga.

Novatus alichomoa waya za sabufa, akazigusisha kwenye betri ya tochi. Tup! "Yenyewe nzima," alisema. Akatazama fyuzi, nayo nzima. Amplifaya, kile kisanduku kinachozipa sabufa nguvu, haikuwaka taa hata moja. Akapima waya wa moto: umeme unafika.

"Bosi, mara ya mwisho ulifanya nini humu kwenye buti?"

"Nilitoa jeki tu."

"Basi jeki imeondoka na ethi yako, ule waya wa kurudishia umeme kwenye bodi." Akauinua waya mweusi uliokuwa ukining'inia, akakwangua rangi kwenye bati la gari, akaufunga kwa bolti. Dum! Mbwa wa jirani alikimbia. Luhaga nusura alie kwa furaha.

"Lakini bosi," Novatus alisema, "wakati unaingia nimesikia tairi ya mbele inagonga."

Luhaga aliongeza sauti, akatega sikio. "Sisikii kitu!"

Na kweli, hakikusikika kitu.

Msafara ulikwenda polepole ili watu wauone vizuri. Bwana na bibi harusi walikaa kiti cha nyuma, mbele ya zile sabufa, bibi harusi Gloria akiwa ameziba masikio.

"Kaka, gari linayumba!" Januarius alipiga kelele.

"Hiyo ndiyo besi, mdogo wangu!"

Karibu na Nkololo tairi moja iliwapita, ikaingia shambani. Luhaga alicheka. "Tazameni, kuna mjinga kachomokewa na tairi!"

Hapo ndipo Noah ilipoinama, ikaifuata tairi ndani ya pamba. Hakuna aliyeumia. Muziki uliendelea kudunda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Felisita, alikuja na jembe mkononi, mdomo ukienda bila kusikika.

"Mwadila, mayu!" Luhaga alimsalimu kwa Kisukuma, akiinama.

Mama alinyoosha kidole kwenye gari mpaka muziki ukazimwa. "Sasa nisalimie," alisema. Akaitikia salamu, kisha akampa kiroba. "Pamba uliyoilaza, iokote yote."

Maharusi walimalizia safari kwa bodaboda, shela la Gloria likipepea mpaka kanisani. Luhaga aliokota pamba hadi jioni, shati jeupe likiwa rangi ya udongo, akimwomba radhi mama yule kila alipopita.

Siku hizi, dukani kwake, anasimulia kwamba besi yake ina nguvu hadi iling'oa tairi. Vijana wawili wameshakwenda kwa Novatus kutaka wafungiwe kama ile.