Kufuli la Kitanda Kumi na Saba

Ofisini tulimwita Sekunde Mbili, kwa sababu hakuwa na subira na mtu yeyote, hata bosi. Ndiye aliyeandika programu inayowaonyesha wauguzi wa hospitali dawa za kila mgonjwa. Wiki ile mama yake mzazi alikuwa amelazwa humo humo, ghorofa mbili chini yetu.

Nieleze kidogo. Ndani ya kompyuta, faili la kila mgonjwa lina kufuli. Wanaosoma huligawana, hata wakiwa ishirini. Anayeandika hulishika peke yake, na wasomaji hungoja. Ili wasingoje milele, Sekunde Mbili aliwawekea kikomo cha sekunde hizo hizo mbili. Zikipita, kompyuta hujibu kwamba kufuli limekosekana. Mwanzoni skrini ilitoa maandishi mekundu: "Subiri." Muuguzi mkuu akatujia juu.

"Nina wagonjwa arobaini, mnaniambia nisubiri nini?"

Sekunde Mbili alinuna, akayafuta maandishi. Tangu hapo, kufuli likikosekana skrini ilionyesha nakala ya zamani, kimya kimya. Mimi ndiye niliyetakiwa kuikagua kazi ile. Niliipitisha juu juu, nikaenda zangu kunywa chai. Najilaumu mpaka leo.

Asubuhi hiyo alifika macho yamemvimba, lakini roho imetulia kidogo. Mama alikuwa ametapika damu alfajiri. Daktari alimwambia mbele ya mgonjwa: "Ile dawa ya kuzuia damu kuganda nimeisimamisha. Akimeza tena, sidhani kama tutamwokoa. Nimeshaandika kwenye kompyuta."

Saa nne kasorobo, dawa za saa nne zikikaribia kugawiwa wodini, akafungua kumbukumbu za programu, kujipotezea mawazo tu. Mistari ilikuwa ikishuka: kufuli limekosekana, kufuli limekosekana. Faili moja, tangu saa tatu. Daktari alikuwa ameandika, akauacha ukurasa wazi na kwenda wodi nyingine, kufuli bado liko mkononi mwake.

"Kitanda kumi na saba," alisema, na sauti haikuwa yake. "Ni mama."

Alitoka mbio, viatu akaviacha chini ya meza. Nikapiga simu wodini. Iliita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena.

"Haloo?"

"Dada, mama wa kitanda kumi na saba, dawa ya saa nne asipewe!"

"Sasa mbona unanifokea?" muuguzi aliuliza, kwa upole kabisa. "Mwenyewe alikuwa anakataa, maskini, anasema daktari kamkataza. Nikamwonyesha kwenye skrini. Akasema huo mfumo kautengeneza binti yake, hauwezi kumdanganya. Ameshameza."