Miiba ya Nzula

Mwaka wa elfu mbili, ukame ulipomaliza hata nyasi za kando ya reli, Nzula alichimba mchanga kwa sufuria siku tatu, kwenye mto uliokauka nyuma ya ploti yao huko Kitengela. Mtoto alikuwa mgongoni. Mume wake, Muteti, alimwambia akienda kuchonga mawe, "Jumapili ikifika hakuna maji, tunarudi nyumbani Mwala." Gunia la nguo lilikuwa tayari mlangoni. Nzula hakutaka Mwala. Ndiko walikozika mtoto wa kwanza.

Siku ya tatu mchanga ulilowa, maji yakatoka polepole kama jasho. Akafanya vile mama yake alimfundisha: akakata miiba, akazungushia kisima, akafunga. Kwao Ukambani ukiona miiba unajua kisima kiko na mwenyewe.

Asubuhi alikuta miiba imesambaa, maji yamekuwa tope. Mbuzi walikuwa wamelala hapo wameshiba. Mama Kisemei, jirani Mmaasai mwenye mbuzi hao, alikuwa ameketi ukingoni.

"Sopa, mama mtoto."

"Ipa," Nzula aliitikia salamu, akajiachilia akaketi chini. "Mama Kisemei, mbona unaniua hivi?"

"Mimi? Wewe umefungia nani maji? Mbuzi wamesikia harufu, wakapita katikati ya miiba. Hata mimi ningepita, shida ni magoti."

Nzula hakucheka. Hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Hapa maji haifungwi," mama yule alisema, sasa kwa upole. "Aliyechimba anakunywa kwanza, watu wengine wanafuata, mnyama mwisho. Na mnyama hanywi ndani. Na kila anayekunywesha mifugo lazima atoe mchanga. Sasa wewe ulitaka kuchimba peke yako mpaka lini?"

Akachota udongo mweusi, akaukanda kama ugali, wakafinyanga hori la kunyweshea mbuzi pembeni. Mchana wakaja wake wa wanawe wawili, wakashuka shimoni na masufuria yao, wakimtania Nzula kwa Kimaasai asichokielewa. Kisima kikaingia chini, kikafika kiunoni.

Jumapili Muteti alikuta mtungi mmoja wa lita ishirini.

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu. Zamu yetu tena ni kesho asubuhi."

Muteti aliangalia mtungi, akaangalia vidole vya mkewe vilivyochubuka. Alifungua gunia pale mlangoni, akatoa blanketi ya mtoto, akairudisha kitandani.